Gesi ya mtungi kuwashia kuni kwenye meko ya sebuleni, nimpe fundi kazi?

Baridi Kali: Wakuu habari za jioni. Niko Njombe, na Julai ya huku mnaijua. Sebuleni nina meko ya ukutani yenye dohani, ila kuwasha kuni ni vita. Nusu saa napuliza, magazeti yameisha, nyumba nzima moshi. Fundi anataka apitishe bomba la chuma lenye vitundu chini ya kuni, aliunge na mtungi wa kilo 15 ndani ya kabati pembeni ya meko. Unafungua koki, unawasha, kuni zikishika unafunga. Laki mbili na nusu. Nimpe?

Niko Ng'ambo: Kitu hicho huku Marekani kipo, hata nyumba niliyopanga inacho. Lakini chetu kinatumia gesi asilia, ndugu yake ile ya Songosongo. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa, inapaa na dohani. Ya mtungi ni nzito, inatuama chini kama maji. Kiberiti kikigoma mara mbili huku koki iko wazi, cha tatu kinakuondoa nyusi, ukiwa na bahati.

Mzee wa Dohani: Na mtungi kabatini, pembeni ya moto! Huyo fundi mkimbie. Kuni zako za mti gani, zimekatwa lini?

Baridi Kali: Mkaratusi, mwezi wa nne. Ziko nje, nimezifunika turubai.

Mzee wa Dohani: Gogo likiwa motoni, kwenye ncha linatoa povu?

Baridi Kali: Linachuruzika kabisa mkuu! Nikajua utomvu.

Mzee wa Dohani: Maji hayo. Unachemsha kuni, huziwashi. Zipasue, uzipange chini ya bati penye upepo, miezi sita au zaidi. Kwa sasa tafuta kuni kavu za miti ya miwati. Na moshi unarudi ndani kwa sababu dohani imepoa: kunja gazeti moja, liwashe, lishike mdomoni mwa dohani mpaka uone moshi unavutwa juu. Ndipo uwashe magunzi chini ya vijiti.

Kijana wa Makete: Mafuta ya taa kikombe kimoja, mnahangaika nini?

Mama Wawili: Ili sofa zinuke kibatari mpaka Krismasi? Na ukimwagia kwenye makaa utajuta.

Baridi Kali: Fundi nimemwambia asubiri. Magunzi gunia bei gani?

Mama Wawili: Gunia la nini tena, kaka! Nenda na kiroba chako kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, utapewa bure na watakusaidia kubeba.