Wakuu, flapu za panya zangu kila moja inakufa kivyake

KisuButu: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa. Nipo Dar, nafanya risechi ya masters ya flapu za ngozi (kipande cha ngozi unakibandua ila upande mmoja unabaki umeshikana na mwili, hapo ndo shina, damu inapitia hapo) kwa panya weupe, ile ya mgongoni aliyoieleza mtafiti McFarlane 1965, ila yeye alikata sm 4 kwa 10 mimi nakata 3 kwa 9, shina naliacha upande wa kichwani. Naibandua, nairudisha palepale naishona, siku ya saba naangalia ncha imekufa kiasi gani. Sasa kundi lisilopewa dawa yoyote ndo linanitesa, kuna panya karibu nusu ya flapu imekauka nyeusi kama ngozi ya ngoma, mwenzake wa kizimba hichohicho imekufa kidogo tu pembeni kama ukucha. Hapo nikianza kuwapa dawa nitajuaje kama imesaidia? Supavaiza anasema ongeza panya, na panya wenyewe nanunua kwa hela yangu.

FundiUzi: Usiongeze kwanza. Chini ya flapu umeweka nini? Kama umeirudisha moja kwa moja kidondani, ncha inanyonya kutoka chini kama grafti (ngozi iliyopandikizwa bila shina), baadae na vimishipa vipya vinaota kutokea hukohuko, kwa hiyo unapima damu ya shinani na ya chini kwa mkupuo mmoja. Ndo maana watu wanatandika kishiti chembamba cha silikoni katikati. Halafu angalia na kina, panya ana kimsuli chembamba kimeshikana na ngozi, panikulasi, kile lazima kibanduliwe pamoja na flapu kila mara, ukikiacha kwa huyu ukakipandisha kwa yule hizo ni operesheni mbili tofauti.

KisuButu: Silikoni sijaweka kabisa. Zile za kuokea keki za Kariakoo haziwezi kufaa?

FundiUzi: Hahaha za keki waachie wenye keki zao. Tafuta ya kitabibu inayokubali kuchemshwa. Na usipime kwa rula, flapu inasinyaa, chora mpaka wa iliyokufa na iliyo hai kwenye plastiki angavu (filamu ya zamani ya eksirei ukiiosha inafaa sana) halafu eneo lipige kwenye kompyuta.

MamaWodi: Samahani naingilia, mimi ni nesi, panya siwajui. Kwetu wanakuja vijana wa bodaboda mguu umechunika mfupa unaonekana, wakishawekewa flapu sisi ndo tunaamka nayo usiku. Ikipauka ikawa ya baridi damu haiingii, ikiwa zambarau imevimba, ukibonyeza rangi inarudi fasta kupita kiasi, basi damu haitoki. Za kwako siku ya kwanza zilikuwa na rangi gani? Na hivi panya na binadamu wapi na wapi jamani?

VetMoro: Nesi umeuliza la maana. Ngozi ya panya imelegea, ukiivuta inakuja, ya nguruwe imeshikana na nyama kama yetu. Ndo maana mtafiti Milton mwaka 1970 alipoipinga ile kanuni ya urefu kwa upana (kwamba shina likiwa pana flapu inaweza kuwa ndefu zaidi) alitumia nguruwe, akaonyesha kwamba kupanua shina peke yake hakukupi flapu ndefu zaidi kama damu inayoingia ni ya aina ileile. Ila nguruwe anakula, anataka banda, dawa ya kumlaza usingizi ni gharama, so mnaanza na panya na mnakuwa wapole kwenye kusema dawa imefanya kazi. Kisu, AC ya chumba chenu iko ngapi? Hizi dawa za usingizi, ketamini na zailazini, zinamshusha panya joto haraka sana, ngozi ikipoa mishipa inajibana.

KisuButu: 18 😬 mimi ndo niliishusha, na lile gauni joto la Dar si mnalijua. Rangi sikuandika, ntaanza. Panya nilikuwa nawalaza juu ya trei ya bati.

VetMoro: Trei ya bati jamani!! Mtandikie taulo, weka na chupa za maji ya vuguvugu pembeni, sio ya moto utamuunguza. Na kila mmoja kizimba chake, panya anatafuna flapu, yake au ya mwenzie.

KisuButu: Eeh, kuna mmoja asubuhi nilimkuta ncha haipo.

VetMoro: Ulimwandikaje?

KisuButu: Niliihesabu kama imekufa. Ndo yule wa karibu nusu.

VetMoro: Mtoe, na uandike kwamba umemtoa na kwa nini. Alikuwa anakaa na nani?

KisuButu: Na yule wa ukucha.

FundiUzi: 😂😂😂