Mteja ana alama za juu za hatari, lakini maisha yametulia. Naandikaje ripoti?

Mnasihi_K: Wakuu, naomba mwongozo. Mteja wangu alifungwa kwa kosa la kingono, sasa yuko kwenye tiba. Static-99R, kipimo cha hatari ya kurudia kosa la kingono, imempa alama za juu. Lakini ana kazi, kaacha pombe, na dada yake anamfuatilia kwa karibu. Alama hazishuki hata chembe!

Mama Tathmini: Hazitashuka kwa tiba, mkuu. Vipengele vyake 10 ni umri na historia: hukumu za nyuma, kama mwathiriwa alikuwa mgeni kwake, na kadhalika. Kwa yanayobadilika tumia kipimo kingine, Stable-2007. Kwa kinga, yaani mambo yanayopunguza hatari, ipo orodha ya tathmini ya Waholanzi, SAPROF: kujizuia, kazi, namna anavyotumia muda wa mapumziko, ari ya tiba, watu wanaomzunguka.

Huyo dada, umemhoji mwenyewe? Analijua kosa, au anajua alichosimuliwa na kaka yake? Ndugu anayeapa kwamba "kasingiziwa tu" hamlindi mtu.

Mpitanjia: Na mteja akiwa bado anakana kosa?

Mama Tathmini: Kukana kunachosha, lakini peke yake ni kiashiria dhaifu cha kurudia kosa. Mimi huhofia zaidi mvuto wa kingono kwa watoto na akili iliyotawaliwa na ngono. Mnasihi, kazi yenyewe ni ipi?

Mnasihi_K: Fundi kompyuta. Huitwa majumbani.

Mama Tathmini: Basi usiiandike kama kinga bado. Akifika huko anamkuta nani? Watoto wakiwa peke yao je?