Naombeni ushauri: udi wangu wa sukari unanata masika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Unguja, nimeanza karakana ndogo ya manukato ya kwetu: udi wa kupika, singo (ya kusugulia mwili) na mafuta ya asumini. Kazi nimeirithi kwa bibi, aliyekuwa akifukiza kanga za maharusi kwa chetezo, ukizikunjua siku ya tatu bado zinanukia.

Shida yangu ni udi. Nachemsha shira mpaka ivute uzi, natia vijiti vya udi, nikishaepua ndipo namimina miski, ambari na marashi ya mawaridi. Kiangazi unakauka vizuri. Masika ikiingia unanata, unashikana donge moja, na ukiuweka juu ya kaa unatoa moshi wa sukari iliyoungua kabla harufu yenyewe haijapanda. Juzi mteja kanirejeshea kopo zima, nimeumia sana.

Je, nipunguze sukari au niipike zaidi?

Na asumini naichuma magharibi ikianza kufunguka, naroweka kwenye mafuta ya nazi, lakini baada ya wiki chache yanachacha. Ya ufuta yanastahimili zaidi? Manukato ya kiwandani sitaki kabisa kuchanganya. Wenye uzoefu nisaidieni, oda za harusi zimeshaanza kuingia.