Mrejesho: upepo wa tairi za pikapu ya mizigo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza pikapu yangu inayopeleka saruji na mbao Ifakara ijazwe upepo kiasi gani, maana kila fundi wa pancha alikuwa na namba yake, mmoja aking'ang'ania psi 60 (psi ndiyo kipimo cha upepo) kote, mbele na nyuma.

Asanteni mlionielekeza kwenye kibandiko cha upepo kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi kumbe ni kikomo tu. Kibandiko changu kinasema mbele 35, nyuma 50 ikibeba mzigo kamili. Nimenunua geji, napima asubuhi gari halijatembea. Mkia hauyumbi tena kwenye kona, na nikisimama njiani tairi za nyuma zinashikika kwa mkono, hazichomi.

Ushauri wa kupunguza upepo nikirudi mtupu umenishinda. Kushusha ni dakika moja, kujaza tena ni foleni ya kompresa! Kwa hiyo pikapu inarukaruka kwenye matuta, navumilia. Na zile tairi mbili za nyuma zilizoliwa katikati kwa upepo kuzidi hazina dawa, kashata (vinundu vya mpira vinavyoshika barabara) zimebaki pembeni tu. Nazibadilisha mwisho wa mwezi.