Naomba ushauri: mdogo wangu kaacha unga (heroini), sasa akaishi wapi?

Wakuu, habari za majukumu.

Mdogo wangu alikuwa teja, analala vibarazani Manzese. Sasa yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa badala ya heroini, kliniki ya Mwananyamala. Dawa ni bure, ila lazima aende kila siku ainywe mbele ya mhudumu. Arosto (yale mateso ya mwili ukikosa unga) imekwisha, mwili umerudi. Kinachomsumbua ni pa kulala. Mama hamtaki tangu auze mtungi wa gesi na mabati ya banda la kuku (simlaumu). Kaka mkubwa anataka apelekwe kijijini Kilosa akalime, lakini huko dawa ya kila siku ataipata wapi?

Wenzake wawili wa kliniki wamepata chumba Tandale, wanamwita wachangie kodi. Hao ndio humpitia alfajiri asikose dozi, na mmoja kamtafutia kibarua cha kuosha bodaboda. Mimi naona bora hapo kuliko kushinda kwangu peke yake mchana kutwa. Mke wangu anasema watatu chumba kimoja, akiteleza mmoja wamekwisha wote.

Mliopitia hili, au wenye ndugu waliopona, mlifanyaje? Na mwenye nyumba aambiwe ukweli kabla hajapokea kodi ya miezi sita, au tunyamaze?