Nipunguzeje upana wa utafiti wangu wa saikolojia wa mwaka wa mwisho?

Mwulizaji

Wanajukwaa, salaam. Ninajiandaa kufanya utafiti wa shahada ya kwanza ya heshima katika saikolojia, na nimebakiwa na miezi minane kabla ya kuwasilisha tasnifu. Ninataka kuchunguza matumizi ya simu usiku miongoni mwa wanafunzi wa vyuo, na pendekezo langu lina vigeu vitano: muda wa kutumia simu, ubora wa usingizi, wasiwasi, kumbukumbu na alama za mitihani. Msimamizi wangu amelirudisha akiwa ameandika pembeni maneno matatu tu: "Swali ni lipi?" Nilidhani swali liko wazi, lakini nilipojaribu kuliandika kwa sentensi moja nilijaza nusu ukurasa. Naomba mnishauri nianze kukata wapi, nitahitaji washiriki wangapi, na kibali cha maadili kiombwe lini.

Jibu la 1

Ndugu mwulizaji, msimamizi wako amekusaidia kuliko unavyodhani. Vigeu vitano vinazaa jozi kumi za mahusiano, na ukipima kila jozi kwa kiwango cha 0.05 kama ilivyo desturi (yaani unakubali kudanganywa na bahati mara moja kati ya ishirini pale ambapo hakuna uhusiano), uwezekano wa kupata angalau jozi moja "yenye maana" kwa bahati tu, hata kama hakuna uhusiano wowote wa kweli, unakaribia asilimia 40 iwapo vipimo hivyo havitegemeani. Utapata cha kuandika, naam, ila hutajua kama ulichoandika kipo.

Baki na vigeu viwili, simu na usingizi, kisha ujiulize kila kimoja utakipimaje. Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika kimyakimya. Ukimwuliza mtu anatumia simu kwa saa ngapi, atakupa makisio, na makisio hayo mara nyingi huwa mbali na ukweli. Afadhali umwombe afungue mipangilio ya simu yake mbele yako na anakili wastani uliorekodiwa wa wiki iliyopita. Kwa upande wa usingizi, wengi hukimbilia hojaji ya Pittsburgh ya mwaka 1989, ambayo ni nzuri, lakini isome kwa makini: inamwuliza mshiriki kuhusu mwezi mmoja uliopita. Simu inakueleza wiki moja, hojaji inakueleza mwezi mzima, nawe unataka kuvilinganisha kana kwamba vinazungumzia usiku uleule. Shajara ya usingizi ya siku saba, inayojazwa kila asubuhi kabla mtu hajasahau, ingeoana vizuri zaidi na rekodi ya simu, ingawa utalazimika kuwakumbusha washiriki kila siku na baadhi yao watakuacha njiani.

Kuhusu idadi, hesabu ifanywe kabla ya kukusanya data. Ukitarajia uhusiano wa 0.3 (kwenye kipimo ambacho 0 ni kutokuwa na uhusiano na 1 ni uhusiano kamili) na unataka uwezo wa asilimia 80 wa kuugundua, unahitaji washiriki wapatao 85, ukitarajia 0.2, wanapanda hadi karibu 194. Ongeza wengine wa kufidia watakaoacha. Programu ya G*Power hutolewa bure na itakufanyia hesabu hiyo kwa dakika chache, lakini haitakuambia utarajie ukubwa gani wa uhusiano. Hilo utalitoa katika tafiti zilizotangulia, na ukichukua makadirio ya chini hutajuta.

Jibu la 2

Naongezea upande wa maadili, kwa kuwa nimewahi kuwa mjumbe wa kamati inayopitia maombi ya wanafunzi. Omba kibali mara tu msimamizi anapoidhinisha vipimo vyako, wala usimgawie mtu hojaji hata moja kabla ya kukipata, kwa sababu kibali hakirudi nyuma kuhalalisha data iliyokwisha kukusanywa. Nakubali kwamba kigeu cha wasiwasi kiondoke. Wanafunzi wanaochunguza wasiwasi hupenda kubeba na kipimo cha huzuni cha PHQ-9 kwa sababu ni kifupi, bila kugundua kwamba swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Kamati itakuuliza utafanya nini mshiriki akijibu kwamba mawazo hayo humjia karibu kila siku, hasa ikiwa hojaji haina jina na huwezi kumfikia. Kama huna jibu, usiulize swali hilo.

Na kama hojaji itabidi itafsiriwe, tenga muda wa kumpa mtu mwingine airudishe katika lugha ya awali bila kuiona nakala asilia. Kazi hiyo huwashangaza wengi.

Jibu la 3

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kwa nini lazima swali liwe jipya? Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: katika tafiti za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu, ziliporudiwa ni asilimia 36 tu. Kurudia kwa uangalifu utafiti mmoja mdogo, mpango wako ukiwa umesajiliwa kabla ya kukusanya data, ni tasnifu inayojitosheleza, na nusu ya maamuzi yanayokutesa sasa yangekuwa yamekwisha kufanywa na waliokutangulia.

Mwulizaji

Nawashukuru nyote. Wazo la kurudia utafiti nitalipeleka kwa msimamizi, ingawa nafsi yangu bado iko kwenye simu. Nimeandika upya hivi: "Je, wanafunzi wanaotumia simu kwa muda mrefu zaidi baada ya saa nne usiku hulala saa chache zaidi katika wiki hiyohiyo?" Kumbukumbu, wasiwasi na alama nimeviondoa.

Jibu la 1

Hilo ni swali. Limebakiwa na tundu moja: wastani wa wiki hautenganishi matumizi ya kabla na ya baada ya saa nne. Jaribu leo kwenye simu yako mwenyewe uone kama inaonyesha mgawanyo wa kila saa, na kwa siku ngapi zilizopita, kabla hujamwandikia msimamizi.