Nimelipia makasri saba ya Ufaransa, nimeonyeshwa maegesho

Wakuu, salamu zitafuata, kwanza niliteme hili donge.

Naishi Uholanzi. Mwezi wa tisa mama alikuja kunitembelea kutoka Lushoto, safari yake ya kwanza ya ndege. Nikasema huyu simfungii sebuleni aangalie mvua wiki nne. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku kuna ndugu mmoja anajiita mratibu wa safari. Akabandika tangazo: makasri 7 ya Bonde la Loire, siku 3, euro 480 kwa kichwa, "tunatembelea yote". Mimi, mke wangu na mama, 1,440. Nikatuma siku hiyohiyo. Mjinga ni mimi, najua, msinikumbushe.

Lishikeni hilo neno "tunatembelea". Ndipo nilipopigwa.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, kilomita zaidi ya 600. Kila tukifika lango la tozo kwenye barabara kuu za Ufaransa jamaa anageuka nyuma, kiganja wazi: "Changeni kidogo." Kumbe zile 480 hazikuwa na tozo ndani yake. Mafuta ya kurudia nayo hayakuwemo, hilo tuliambiwa siku ya tatu.

Kituo cha kwanza Chambord. Lile kasri, jamani, mtu asikudanganye kwa picha. Unakata msitu, unakata msitu, mara linakutokea mbele, paa limejaa minara na mabomba ya moshi utadhani kuna kamji kamejengwa juu ya nyumba. Ndani kuna ngazi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba: mmoja akipanda na mwingine akishuka, wanachunguliana kwenye vidirisha lakini hawapishani popote. Nilikuwa nimemsimulia mama wiki nzima. Alishatugawia kabisa: "Wewe utapanda hii, mimi ile, tuone kama nitakupoteza."

Jamaa akazima gari, akaangalia saa. "Dakika 40, pigeni picha, tusonge."

Na tiketi? "Tiketi kila mtu na yake, ila foleni ndefu, mkiingia tutachelewa Amboise." Nikamwambia si ulisema tunatembelea? Akanijibu mkavu kabisa: "Sasa hapa si mmetembelea?"

Mfalme François I aliyeanza kulijenga mwaka 1519 alikaa humo siku 72 tu katika miaka 32 ya utawala wake, na watu bado wanamcheka kwa hasara ile. Mimi namwonea wivu. Mwenzangu aliingia ndani.

Amboise tuliitembelea tukiwa juu ya daraja, gari halikuzimwa. Leonardo da Vinci kazikwa kwenye kikanisa cha kasri lile, alifia mji huohuo mwaka 1519. Mke wangu ndilo alilolifuata, yeye ni mwalimu wa sanaa. Kaburi lenyewe aliliona kwenye simu yake, tukiwa tunaelekea sehemu ya kula ambayo jiko lilishafungwa. Kule ukichelewa saa nane mchana umekula hewa. Tukala bisi za petroli steshen.

Chenonceau ndiyo iliyonitoa machozi. Kasri limejengwa juu ya mto Cher, ukumbi mrefu umekaa juu ya matao ya daraja. Vita ya Kwanza ukumbi ule ulikuwa wodi ya majeruhi. Vita ya Pili mto ulikuwa mpaka, upande mmoja Wajerumani, upande wa pili hawajafika, na mlango wa mwisho wa ukumbi ukawa njia ya watu kukimbilia. Haya nimeyasoma, sikuyaona. Tulifika saa moja kasoro robo jioni, dirisha la tiketi limefungwa, kwa sababu hoteli aliyotuwekea iko Orléans na asubuhi nzima iliishia barabarani. Kutoka getini kasri hulioni. Jamaa akashauri tupige picha na bango.

Niwe mkweli, sehemu moja tuliingia. Villandry, na ni kwa sababu mama aligoma kurudi garini. Kule kuna tiketi ya bustani peke yake, nikalipa mfukoni. Mama ni mkulima wa mboga tangu nizaliwe. Alipofika kwenye ile bustani ya miraba tisa, kabichi za zambarau zimepangwa kama vigae, ua wa vichaka umekatwa kama kwa rula, alisimama akashika kiuno. "Haya makabichi nani anayakula?" Akachutama, akachota udongo, akaupikicha, akaunusa. Alikuwepo mzee mmoja anapalilia. Mama hajui Kifaransa, mzee hajui Kiswahili. Mama akamwonyesha jani lenye matundu ya viwavi, mzee akatikisa kichwa na kuinua mikono juu, wakacheka wote wawili kama mtu na jirani yake. Bustani hizo alizifufua daktari mmoja Mhispania, Joachim Carvallo, aliyenunua kasri lile mwaka 1906. Nilikuwa ndiyo naanza kumsimulia mama hayo, simu ikaita. Jamaa. Ikaita tena. Mara nne. "Mkuu, wenzenu wanawasubiri garini, hamna ustaarabu."

Azay-le-Rideau ilifutwa. Yale mengine mawili sikuyajua hata majina, yalipita dirishani.

Jina lake silitaji, sheria za humu nazijua. Waliokuwa kwenye lile gari siku zile wanajijua, njooni inbox tuungane. Na mwanasheria aliye Uholanzi anisaidie: mkataba wangu wote ni meseji za WhatsApp na risiti ya benki, hilo tangazo ninalo limepigwa picha kabla hajalifuta. Nina kesi au sina?

Nimemdai arudishe angalau nusu. Amejibu leo asubuhi: "Mkuu, mbona picha zenu zimetoka vizuri tu?"